Kabla ya Pembe Palikuwa na Soko

Mwezi Julai 1869 David Livingstone aliondoka Ujiji kwa mtumbwi, akavuka Ziwa Tanganyika, kisha akapanda vilima vya magharibi akiwa na msafara wa mfanyabiashara Muhammad Bogharib. Tarehe 21 Septemba aliingia Bambarre, mahali ambapo leo ni Kabambare. Safari hiyo imesimuliwa mara nyingi, na karibu kila mara husimuliwa kana kwamba nchi ya Maniema ilikuwa msitu mtupu uliongoja mgeni aje kuufungua. Sivyo. Kila hatua aliyopiga mzee yule aliipiga juu ya udongo uliokwisha kushindiliwa na nyayo za wenyeji, na nyingi za nyayo hizo zilikuwa za wanawake waliokuwa wakienda sokoni.

Kati ya mto Luama na mto Lualaba hapakuwa na mfalme ambaye amri yake ilifika mwendo wa siku tano. Kila kijiji, au kundi dogo la vijiji, kilikuwa na mkubwa wake, na majirani waliweza kukaa na ugomvi kwa miaka. Kwa hesabu ya kawaida nchi kama hiyo isingeweza kuwa na njia ndefu. Lakini ilikuwa na masoko. Soko la Nyangwe, kando ya Lualaba, lilikaa kila baada ya siku chache na kukusanya watu kwa maelfu: samaki, mihogo, mafuta ya mawese, vyungu, chumvi, kuku, mbuzi. Livingstone, aliyelitazama soko hilo kwa majuma mengi mwaka 1871, aliandika kwa mshangao kwamba wanawake walipita salama kwenda kuuza hata pale ambapo waume zao walikuwa katika vita na watu wa njiani. Amani ya soko ndiyo iliyoviunganisha vijia. Kipande cha kijiji hiki kilishikana na kipande cha kijiji kile, mpaka mtu akaweza kutembea kutoka milima ya ziwa hadi mto mkubwa bila kufyeka kichaka.

Ardhi yenyewe ilichagua pa kupita. Upande wa Kabambare na Salamabila ni nchi ya vilima, majani marefu migongoni na misitu mabondeni, ambako vijito havihesabiki. Kijia hushika mgongo wa kilima ili kikwepe matope, kisha hushuka pale tu ambapo mto una kivuko au gogo lililoangukia ng'ambo. Ndani ya msitu mambo hubadilika. Livingstone alieleza giza ambalo jua halikulitoboa ila adhuhuri, na njia nyembamba ya tope ambamo mashimo ya nyayo za tembo yalijaa maji.

Tembo hao ndio walioleta balaa. Maniema ilikuwa na pembe nyingi kiasi kwamba wageni wa kwanza walizikuta zikitumika kama miimo ya milango. Habari hiyo ilipofika Ujiji na Unguja, vijia vya mihogo vikageuka njia za biashara ya dunia. Mpagazi mmoja alibeba kiasi cha frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu. Kwenda alibeba shanga, merikani, waya wa shaba na baruti. Kurudi alibeba pembe, na mara nyingi nyuma yake walitembea watu waliofungwa shingo. Kambi za misafara zikawa miji. Kabambare ikawa kituo, Nyangwe ikawa mji wa wafanyabiashara, na Kasongo ikapanda juu ya zote pale Hamed bin Muhammad el Murjebi, yaani Tippu Tip, alipoifanya makao yake katika miaka ya 1870. Pamoja na bunduki walifika mpunga, miti ya matunda, Uislamu na Kiswahili.

Haifai kuutaja mpunga na kuinyamazia damu. Asubuhi ya tarehe 15 Julai 1871 watu wa mfanyabiashara Dugumbe waliingia soko la Nyangwe na bunduki, wakati ambapo mila ya soko haikuruhusu silaha, wakafyatua risasi katikati ya umati. Wengi waliokufa walikuwa wanawake, baadhi kwa risasi na wengine kwa kuzama Lualaba wakijaribu kuogelea. Waarabu wenyewe walikadiria kwamba waliopotea walikuwa kati ya 330 na 400. Mauaji hayo yalivunja sharti lililokuwa limeilinda kila njia ya Maniema. Mwanamke aliyepita salama kati ya maadui kwa sababu tu alibeba kikapu kichwani, sasa hakuwa na kinga tena.

Matokeo yake yaliandikwa njiani. Livingstone aliikimbia Nyangwe, akarudi mashariki kwa miguu akipitia vijiji vilivyochomwa. Mwezi Agosti, ndani ya msitu, wenyeji walikuwa wameangusha miti kuziba kijia na kujificha pembeni. Walimdhania kuwa mmoja wa wale waliowaua ndugu zao. Mikuki miwili ilimkosa kwa kiasi kidogo, na mti mkubwa uliokuwa ukiungua shinani ulianguka karibu yake. Vijia vilevile ambavyo mwanzo vilimpitisha mgeni kwa amani sasa vilikuwa mitego, na waliovigeuza walikuwa na sababu ya haki. Aliporudi Ujiji mwezi Oktoba alikuwa amechoka mno. Kipindi hicho cha Maniema karatasi zilikuwa zimemwishia, hata akaandika kumbukumbu zake juu ya gazeti la zamani kwa wino aliotengeneza kwa mbegu za porini.

Miaka mitano baadaye Henry Morton Stanley alipita Kabambare, akavuka kuelekea Kasongo na kukutana na Tippu Tip. Mkataba wao unaonyesha jinsi mwendo wa miguu ulivyokuwa umegeuka bidhaa: Tippu Tip angemsindikiza kwa dola 5,000, kwa vituo 60, kila kimoja mwendo wa saa nne. Waliingia msitu wa kaskazini mwa Nyangwe Novemba 1876. Tippu Tip hakumaliza vituo hivyo. Msitu, magonjwa na mishale vilimrudisha kabla mwaka haujaisha, na katika kumbukumbu za maisha yake, zilizochapishwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa juhudi za Mjerumani Heinrich Brode, alilalamika kwamba Stanley hakumlipa kama alivyoahidi.

Utawala wa Kasongo ulianguka haraka kuliko ulivyopanda. Majeshi ya Dola Huru ya Kongo chini ya Francis Dhanis yaliiteka Nyangwe Machi 1893, na Kasongo tarehe 22 Aprili. Daktari wa jeshi hilo, Sidney Hinde, aliacha maelezo ya mji wenye anasa, vitanda vya nakshi na magodoro ya hariri, umezungukwa na mashamba ya mpunga yaliyopendeza macho. Sefu, mwana wa Tippu Tip, aliuawa Oktoba mwaka huohuo. Rumaliza, mfanyabiashara aliyekuja kutoka Ujiji kuziba pengo, alishindwa Januari 1894, na Kabambare nayo ikachukuliwa. Mji wa kale wa Kasongo ukabaki magofu, na mahali pake panaitwa Tongoni. Mji wa leo ulijengwa pengine.

Kisha ikaja reli, ambayo kwa kuipita mbali iliiathiri njia ya Kabambare kuliko vita yoyote. Sehemu ya Kindu hadi Kongolo ilifunguliwa 1911 upande wa magharibi wa Lualaba, na ile ya Kabalo hadi ziwani, Albertville ya wakati huo, ikakamilika 1915. Tangu hapo mzigo wa Kindu ungeweza kufika Tanganyika kwa treni na mashua bila kuuona mto Luama. Njia kuu ya pembe ikawa ya pembeni kwa ghafla. Wapagazi, hata hivyo, hawakupumzika. Kilimo cha lazima cha pamba kilianza Maniema katika miaka ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na kilo za pamba zilifika vituo vya ununuzi juu ya vichwa vya watu, kwa vijia vilevile. Utawala wa Wabelgiji uliwahamisha pia wanavijiji kuwaweka kandokando ya barabara ili wahesabike na walipe kodi. Vijiji vingi vikaacha migongo ya vilima, lakini watu waliendelea kurudi kwenye mashamba na makaburi ya wazee wao, na kwa kurudi kwao njia za kale hazikuota nyasi.

Dini nayo ilisafiri hivyo. Kati ya vita viwili vya dunia tarika ya Qadiriyya ilienea Maniema ikitokea upande wa Tanganyika, bila idhini ya serikali iliyoutazama Uislamu kwa shaka. Mwalimu hakuhitaji barabara. Kasongo ingali mojawapo ya miji mikuu ya Waislamu wa Kongo mpaka leo.

Mwaka 1964 wapiganaji wa uasi wa Simba walitoka Fizi na kufika Kasongo na Kindu katika muda wa majuma machache, wakipita ukanda huuhuu. Vita vya miaka ya 1990 na 2000 vilimaliza kilichobaki cha barabara za magari. Salamabila, mji wa dhahabu, ulipata matumaini mapya pale mgodi wa Namoya ulipoanza uzalishaji wa kibiashara Januari 2016, lakini mwaka 2017 msafara wa malori ya mgodi ulikwama njiani baada ya kuzuiwa na watu wenye silaha, na mwaka 2019 kampuni ya mgodi huo ilisimamisha kazi. Wakati lori limekwama, mahindi, mawese na samaki wakavu wa Tanganyika huendelea kusafiri kwa kichwa na kwa baiskeli inayosukumwa, mwenye nayo akiishika kwa fimbo iliyofungwa kwenye usukani. Na milio ya risasi inapoanza, familia hukimbilia vijia hivyohivyo.

Tanzania iliiweka Njia ya Kati ya Biashara ya Watumwa na Pembe, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, katika orodha yake ya awali ya UNESCO mwaka 2006. Orodha hiyo inaishia ufukweni, kana kwamba msafara ulishuka majini na kutoweka. Nusu ya pili iko Kongo: Mtowa ng'ambo ya ziwa, Kabambare, Kasongo Tongoni, Nyangwe. Usalama utatangulia, hilo halina ubishi. Hakuna anayepaswa kualikwa kutembea mahali ambapo wenyeji wenyewe wanakimbia. Lakini kazi moja inaweza kuanza sasa katika shule za Kasongo na Salamabila. Wapo wazee wanaojua soko la kale lilikaa wapi, kivuko kipi kilipita salama wakati wa masika, kijiji kipi kilihamishwa na kilitoka kilima gani. Wanafunzi wenye daftari wanaweza kuyaandika majina hayo kwa Kiswahili, wakianza na yale ya masoko.