Uluguru Mountains, namba 5931

Jumamosi iliyopita nilikwenda Dakawa kuangalia treni. Naam, najua mtakachosema. Dakawa haina reli. Reli ya Kati ikitoka Morogoro inashika njia ya Mkata, Kimamba na Kilosa, na hii SGR tuliyoanza kuipanda mwaka 2024 nayo imefuata upande huohuo. Dakawa ni ya barabara ya Dodoma, ya mpunga na Mto Wami. Wazazi wetu wanaikumbuka kwa ajali iliyomuua Waziri Mkuu Edward Sokoine tarehe 12 Aprili 1984, na kwa kambi ya wakimbizi wa ANC wa Afrika Kusini. Treni hawaitaji.

Treni niliyoifuata ilikuwa juu ya kabati la vyombo, imefungwa kwa kanga mbili.

Kisa chenyewe kilianza na kaka wa rafiki yangu niliyesoma naye. Alinitumia ujumbe: wewe mwandishi, una mambo yako ya intaneti, njoo utuambie hiki kitu cha mzee ni bei gani. Alikuwa ameweka picha yake Facebook, akajitokeza mtu wa Ulaya anayekusanya modeli za treni za mvuke. Mtu huyo alitaka kutoa dola 300, na akaeleza kwa nini hawezi kupanda zaidi: haina jina la kiwanda, haina boksi, boila limenenepa kupita kiasi, na bomba la moshi limebondeka. Kaka alikuwa tayari kukubali. Msimu wa mpunga unakaribia, mbolea haijanunuliwa.

Sasa mimi treni nazijua kwa kuzipanda tu. Nikakaa siku tatu nasoma.

Kumbe hii ni dunia nzima. Kuna watu wazima wenye akili timamu wanaolipa maelfu ya dola kwa kichwa cha treni kinachoenea mezani. Majina wanayoyaheshimu ni kama Bassett-Lowke wa Northampton, Uingereza, aliyeanza mwisho wa karne ya 19, au Aster ya Japani, iliyoanza miaka ya 1970 kutengeneza injini ndogo zinazochemsha maji kweli na kutoa mvuke. Ndiyo, zinawashwa moto! Kwa hizo jambo la kwanza linaloulizwa ni boila: limetengenezwa kwa shaba nyekundu? Limelehemiwa kwa fedha? Cheti chake cha kupimwa kiko wapi? Uingereza boila jipya hujazwa maji na kusukumwa mpaka shinikizo mara mbili ya lile la kazi kabla mtu hajaruhusiwa kuliwasha mbele za watu. Boila lisilo na karatasi linaweza kuwa zuri kama dhahabu, na bado mnunuzi akaondoka.

Baada ya hapo wanatazama rangi. Rangi ya zamani iliyochubuka inapendwa kuliko rangi mpya iliyopakwa juu yake. Hapo nilicheka, maana sisi kitu kikichubuka tunapaka rangi siku hiyohiyo ili mgeni asione. Wanatazama boksi, namba, zilitengenezwa ngapi, nani alizimiliki. Lakini ukiwasoma kwa muda utaona kwamba yote hayo yanakuja nyuma ya swali moja: hii modeli ni ya injini ipi hasa, na ya mwaka gani? Injini za kweli zilikuwa zinabadilishwa karakana kila mara. Modeli bora inafanana na injini moja yenye namba yake, jinsi ilivyokuwa wakati fulani. Ikichanganya vitu vya miaka tofauti, hata iwe inang'aa vipi, ni pambo.

Basi nikaenda na rula.

Mzee nilimkuta kibarazani. Shikamoo babu, marahaba mjukuu wangu, habari za mjini, chai. Yeye ni Mluguru, kwao kwa mama ni huko juu milimani, ila ujana wake aliumalizia Nairobi. Alikuwa fundi katika karakana ya East African Railways mpaka Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 na shirika likagawanywa vipande vitatu. Akarudi nyumbani na sanduku la vifaa na hicho kitu. Alikitengeneza mwenyewe kwa mabaki ya shaba na bati, jioni baada ya kazi, kwa miaka minne.

Tukaifungua. Sikuwa nimejiandaa kwa ukubwa wake. Ina urefu wa sentimita 141. Inachukua meza nzima, na ubavuni ina kibao cha shaba kilichokatwa kwa tupa: ULUGURU MOUNTAINS. Chini yake namba, 5931.

Hapa inabidi niwape historia kidogo, vumilieni. Mwaka 1955 na 1956 kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester kiliiletea Afrika Mashariki injini 34 za daraja la 59. Zilikuwa za aina ya Garratt, aina aliyoibuni Mwingereza Herbert William Garratt na kuiandikishia hataza mwaka 1907, mwaka uleule ambao reli ya Wajerumani ilifika Morogoro. Garratt ni kama injini mbili zilizobeba boila moja katikati: magurudumu mbele, magurudumu nyuma, na boila limening'inia baina yao kama machela. Kwa kuwa chini ya boila hakuna magurudumu, unaweza kulinenepesha utakavyo. Hizi za daraja la 59 zilikuwa na uzito wa tani 250 na ushee, urefu wa karibu mita 32, zikichoma mafuta mazito. Hakuna reli ya mita moja popote duniani iliyowahi kuwa na injini ya mvuke kubwa au yenye nguvu kuzizidi. Ziliweza kuvuta tani 1,200 kwenye mpando kutoka Mombasa kwenda Nairobi.

Kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Mount Kenya, Mount Kilimanjaro, Mount Elgon, Mount Hanang, Mount Rungwe. Uluguru ilipata mara mbili: 5931 iliitwa Uluguru Mountains, na 5926 iliitwa Mount Kimhandu, kile kilele chetu kinachozidi mita 2,600. Na hakuna hata moja kati ya hizo mbili iliyowahi kupita Morogoro kuusalimia mlima wake. Kila ekseli ilibeba tani 21, uzito ambao reli zetu zisingeuweza. Kwa hiyo milima yetu ilifanya kazi Kenya, ikipanda kutoka pwani usiku na mchana, na Waluguru wengi walikufa bila kujua kwamba kuna injini yenye jina lao.

Turudi mezani. Nilianza na magurudumu. Daraja la 59 linahesabiwa 4-8-2+2-8-4, yaani magurudumu 28. Nikahesabu ya mzee: 28. Nikapima upana kati ya reli mbili fupi alizoziwekea chini: milimita 45. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Milimita 45 ni upana maarufu sana kwa modeli, na zile za treni za Ulaya mara nyingi hutengenezwa kwa uwiano wa 1 kwa 32. Ukizidisha 45 kwa 32 unapata mita 1.44, reli pana ya Ulaya. Fundi asiyejua angetumia uwiano huo kwa Garratt yetu, naye angekuwa ameitoa kwenye reli ya mita moja bila mwenyewe kujua. Mzee alitumia 1 kwa 22.5. Zidisha 45 kwa 22.5, unapata mita moja na sentimita moja. Gawanya urefu wa injini ya kweli kwa 22.5, unapata sentimita 141. Nilirudia hesabu mara mbili kwenye simu.

Boila je, hilo "lililonenepa"? Kipenyo cha lile la kweli kilikuwa karibu mita 2.29, zaidi ya mara mbili ya upana wa reli iliyolibeba. La mzee lina sentimita 10 na kidogo. Ndivyo linavyotakiwa kuwa. Mnunuzi amezoea injini nyembamba za kwao.

Likabaki bomba la moshi. Kweli ni bapa, refu kwa mbele na nyuma, jembamba kwa ubavu, kama mtu ameliminya kwa koleo. Kaka mwenyewe alikuwa anaamini watoto waliliangusha. Nikamuuliza mzee.

"Nani kakwambia limebondeka?" Aliniangalia kama nimemtukana. "La mwanzo lilikuwa duara. Wakaja kutuwekea lile la Giesl, matundu saba yamepangwa mstari mmoja. Nimelala ndani ya chumba cha moshi cha hiyo 5931, nimelifunga kwa mikono hii."

Adolph Giesl-Gieslingen alikuwa mhandisi wa Austria. Alibuni bomba linalovuta moshi vizuri zaidi kwa kuupitisha mvuke kwenye matundu madogo yaliyopangwa mstari, ndiyo maana linakuwa bapa. East African Railways ililifunga kwenye injini zake nyingi, na daraja la 59 lilikuwemo. Kwa hiyo kasoro namba moja ya mnunuzi ndiyo inayosema kwamba hii ni 5931 baada ya kubadilishwa, jinsi fundi aliyeigusa alivyoijua. Mtengenezaji anayefuata picha za kiwandani za 1955 angeweka duara.

Sitaki kumpamba mzee. Rangi ni janga: miaka ya themanini kutu ilianza kwenye bati, akapaka rangi ya madirisha. Chini ya tenki la mbele, ambako brashi haikufika, bado kuna ile nyekundu iliyoiva ya shirika, na ndipo unapoona hasara. Taa ya mbele haipo. Kilehemu cha upande wa kushoto kina mabonge, anakiri mwenyewe kwamba alikuwa anajifunza. Haitoi mvuke, boila ni bomba tupu. Lakini ukiisukuma mezani vyuma vya pembeni vinakwenda na kurudi kwa mpangilio, mbele na nyuma, bila kukwama popote. Nimesoma kwamba hata modeli za bei mbaya hushindwa hapo.

Nikamwambia kaka ukweli. Bila jina la kiwanda hataipata bei ya Aster, asijidanganye. Lakini dola 300 ni bei ya modeli mbovu, na hii si mbovu. Aandike maelezo ya mzee, apige picha ile rangi ya chini, apige picha bomba, amjibu mnunuzi kwa hesabu.

Kuna jambo jingine nililomwambia, sijui kama nilikosea. Miaka kadhaa iliyopita nilitembelea makumbusho ya reli Nairobi. Kati ya zile injini 34 zimebaki mbili tu, zote ziko pale: 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena. Milima yote miwili ni ya Tanzania, Gelai ya kule Ziwa Natron na Shengena ya Upare. Nyingine 32 zilikwenda kwenye chuma chakavu, 5931 ikiwa mojawapo. Alizaliwa namba moja tu nyuma ya Shengena, akayeyushwa.

Kaka akanyamaza. Akasema, "Mbolea nayo ni ya kweli, ndugu yangu." Sikuwa na jibu.

Mzee alikuwa anatusikia muda wote. Akaomba bisibisi. Akageuza injini yake taratibu, akafungua kibao cha ubavu mmoja, kisha cha pili, akavifunga kwenye leso.

"Muuzieni injini," akasema. "Hivi vinabaki."

Nilitaka kumweleza kwamba kwa wakusanyaji modeli isiyo na kibao chake imepoteza nusu ya maana. Halafu nikakumbuka kwamba hata Ulaya injini zilipokuwa zinakatwa, mafundi waliondoka na vibao, na leo vinagombewa minadani. Nikanywa chai yangu.

Kaka amemwandikia mnunuzi: boila liko sawa, bomba liko sawa, bei ipande, na vibao havimo. Mpaka naandika hapa hajajibiwa.