Saa za jani: lengalenga, shu na mchana wetu wa saa 12

Mtu akisimama kwenye soko ya Kadutu asubuhi, atasikia ulizo moja likirudiliwa mbele ya kila rundo la mboga: "Mama, hii lengalenga ni ya leo ao ya jana?" Na jibu ni lile lile: "Ni ya leo, angalia namna iko na maji!" Ulizo hilo ni la bei, lakini ni la elimu vilevile. Ndani yake mna fundisho la zamani, kwamba jani haliko kitu kimoja asubuhi, saa sita na jioni.

Wengi wetu tulilelewa na kanuni mbili tatu za koko. Mboga inachumwa asubuhi, umande ukingali juu ya majani, ao jioni wakati jua linalegea. Jua la saa sita haligusi mboga. Tena, lengalenga ikishaanza kutoa maua inaachiwa mbegu. Wako watu waliosoma wanaoweka mambo hayo upande wa desturi tu, pamoja na hadithi za kando ya moto. Mimi naona yanastahili kupewa historia yake.

Historia hiyo inaanzia mbali. Zaidi ya miaka 300 mbele ya Kristu, Androsthenes, mmoja wa wakubwa wa merikebu za Aleksanda wa Makedonia, alieleza kwamba kwenye kisiwa cha Tylos, ndio Bahrain ya leo, aliona mti unaofunga majani yake usiku na kuyafungua asubuhi. Watu walisema ni jua tu linaloyafungua. Ilipita miaka zaidi ya 2000 mpaka Mfaransa Jean-Jacques de Mairan, mwaka 1729, alipochukua mmea wa mimoza na kuuweka mahali pa giza. Majani yaliendelea kufunguka mchana na kufunga usiku, ijapokuwa hayakuona jua. Mwaka 1832 Augustin de Candolle, wa Geneva, aliufanyia mmea huo kinyume: aliuacha ndani ya mwangaza usiozimwa. Uliendelea na mwendo wake, lakini siku yake ilikuwa ya saa 22 ao 23, si 24. Basi saa ile haikutoka nje. Mmea ulikuwa nayo ndani, na jua kazi yake ni kuirekebisha kila asubuhi.

Sisi hapa tuna maharagwe, na inatosha. Nenda shambani saa mbili za usiku na taa: majani ya maharagwe yameinama kama mtu aliyechoka. Asubuhi yamesimama. Ni mmea huo huo Mjerumani Erwin Bünning aliutumia miaka ya 1930. Alichanganya maharagwe ya mwendo mrefu na ya mwendo mfupi, akapata watoto wenye mwendo wa katikati. Maana yake saa hiyo inarithiwa, kama rangi ya mbegu. Mwalimu asiye na laboratware anaweza kuonyesha jaribio la de Mairan darasani: mukebe, udongo, shina moja la haragwe, na kabati linalofunga vizuri. Siku mbili zinatosha. (Wanafunzi watafungua kabati kila saa wachungulie, na mwangaza utaingia, ufunguo ukae kwa mwalimu.) Baadaye wataalamu walitafuta saa hiyo mpaka ndani ya chembe za viumbe, na mwaka 2017 Wamarekani watatu, Hall, Rosbash na Young, walipewa zawadi ya Nobel kwa kuonyesha namna inavyotembea ndani ya nzi.

Sasa turudi kwenye sufuria. Tangu mwaka 1779, kwa kazi ya Mholanzi Jan Ingenhousz, inajulikana kwamba jani linafanya kazi yake kubwa likiwa ndani ya mwangaza tu. Mchana linapika sukari kwa hewa na maji. Sehemu moja linaitumia palepale, sehemu nyingine linaiweka akiba kama wanga, na usiku linakula akiba hiyo kidogo kidogo. Hapa ndipo saa ya ndani inaonyesha akili yake. Mwaka 2013 watafiti wa John Innes Centre, kule Uingereza, walionyesha kwamba jani linagawanya akiba yake kwa saa zinazobaki mpaka asubuhi, ili chakula kisiishe kabla jua kutoka. Wakizima mwangaza mapema kuliko kawaida, jani linapunguza ulaji usiku ule ule. Ni kama mama mwenye robo ya unga na watoto sita, mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo jani la asubuhi limejaa maji lakini ghala yake ni tupu. Usiku mizizi imepandisha maji na jua halijayakausha. Ndiyo sababu lengalenga ya alfajiri inasimama wima na kung'aa. Jani la jioni limelegea kidogo, lakini limeshiba. Na jua la saa sita linanyang'anya jani maji haraka kuliko mizizi inavyoweza kuleta, kwa hiyo mboga iliyochumwa saa hiyo inanyauka hata kabla ya kufungwa mafungu. Koko hakukosa.

Lakini asubuhi na jioni haziko sawa, na hapa desturi inahitaji kuongezewa kitu. Mwaka 2005 watafiti wa Uingereza walilinganisha majani ya saladi yaliyochumwa asubuhi na yaliyochumwa mwisho wa siku: yale ya mwisho wa siku yalidumu zaidi bila kuharibika. Na mwaka 2013, kule Marekani, kikundi cha Chuo Kikuu cha Rice kilionyesha kwamba hata shu iliyokwisha kukatwa na kununuliwa dukani ingali na saa yake. Ikipewa mchana na usiku, inajikinga na viwavi vizuri kuliko ile iliyonyimwa mpango huo. Mboga iliyokatwa haijafa bado. Mimi naona hivi: mama anayeshuka kutoka Kabare na kuuza siku ile ile achume asubuhi, maana mnunuzi anatazama maji. Ila mboga inayolazimika kulala njiani ichumwe jioni, na isisongwe ndani ya mufuko uliofungwa, kwa maana jani linaendelea kupumua na joto lake linaliozesha.

Majaribio hayo yote yalifanyiwa majani ya Wazungu. Kwetu utafiti haukukosa nyumba: kituo cha INEAC huko Mulungu, kilichokuwa baadaye INERA, na IRSAC ya Lwiro, iliyoundwa mwaka 1947. Lakini Mulungu ya wakoloni ilijulikana zaidi kwa kahawa, majani ya chai na kinkina, vitu vya kupelekwa ng'ambo. Mboga ya mama haikuwa mali ya kuandikiwa vitabu.

Inabaki kanuni ile ya maua. Mwaka 1920, Garner na Allard, watafiti wawili wa serikali ya Marekani, walieleza kisa cha tumbako moja iliyokuwa inarefuka kipindi chote cha jua bila kutoa maua. Walipoiingiza kibandani kila siku ili kuipunguzia mchana, ikachanua. Basi mimea inapima urefu wa siku. Mingine inangoja siku ndefu, mingine siku fupi. Huko Brussels mchana ni karibu saa 16 mwezi wa sita, na saa 8 mwezi wa kumi na mbili. Bukavu iko digri mbili na nusu tu kusini mwa ikweta: mchana wetu ni saa 12, na mwaka mzima tofauti haifikii nusu saa.

Lengalenga ni mmea wa siku fupi. Kwa mchana wetu wa saa 12 inatoa maua upesi, na ndiyo sababu mama anaikata kichwa mapema ili ichipuke tena pembeni. Spinachi ya kweli ya Wazungu inangoja siku ndefu ambazo hapa hazifiki. Inatoa majani, maua inakawia ao inakosa kabisa. Shu inayofunga kichwa ina sababu nyingine, inataka majuma ya baridi kali kabla ya kuchanua, na baridi hiyo Bukavu haina. Lakini matokeo ni mamoja: mbegu zake zinanunuliwa ndani ya mikebe, kutoka mbali.

Mji huu unajua maana ya njia kufungwa. Vita iliufikia mwaka 1996, tena 1998, tena Juni 2004, tena Februari 2025. Mukebe wa mbegu unapita kwenye barabara, mpaka na bei ya dola. Lengalenga mashina mawili yaliyoachwa kwenye kona ya shamba yanachanua yenyewe, yanakauka kiangazi, na mbegu zake nyeusi, ndogo kuliko kichwa cha pini, zinaanguka palepale. Mvua ya mwezi wa tisa ikinyesha, zinaota kabla mtu hajashika jembe.