Safari ya Korea: kasri baadaye, kwanza stesheni

Mitihani imeisha na hapa bwenini stori ni moja tu, safari ya Korea Kusini. Tuko watatu, tunadunduliza kidogo kidogo kutoka kwenye bumu, na Mungu akipenda tutaondoka mwakani Oktoba. Wenzangu wamelewa tamthiliya, wanataka makasri, mavazi ya hanbok na mapicha. Mimi nasoma historia, kwahiyo nimepewa kazi ya kupanga ratiba, na nimeipanga kwa ubishi kidogo.

Ubishi wenyewe ni huu: ukitaka kuona maisha ya kila siku ya Wakorea, angalia mabango ya madukani. Yale maandishi ya visanduku na viduara ndiyo kitu cha kawaida kuliko vyote pale mtaani, na ndiyo kitu kilichokaribia kufa.

Hadi karne ya 15 Wakorea walizungumza Kikorea lakini wakaandika kwa herufi za Kichina. Hizo ni maelfu, na mkulima muda wa kuzikariri anautoa wapi? Mfalme Sejong akatunga herufi 28 mwaka 1443, akazitangaza 1446. Na hazikuchorwa hivihivi tu. Herufi ya sauti m ni kisanduku, alama ya mdomo. Ile ya n inafuata ulimi unavyokaa ukigusa nyuma ya meno. Jaribu sasa hivi, sema n, utausikia mwenyewe. Siku hizi zinatumika 24, na mwenzangu mmoja alizishika kwa wikiendi moja.

Wasomi wakubwa hawakufurahi. Mwaka 1444 Choe Manri na wenzake walimpelekea mfalme barua ya kupinga, eti kuachana na maandishi ya Kichina ni kujishusha kwenye kundi la washenzi. Basi kwa karne nyingi mabwana wakaendelea na Kichina chao, herufi mpya zikabaki kwa wanawake, barua za nyumbani na hadithi. Serikali ilizifanya msingi wa nyaraka zake mwaka 1894. Yaani karibu miaka 450 ya kusubiri! Halafu 1910 Japani ikaitwaa nchi.

Mwaka 1938 Kikorea kiliondolewa kwenye masomo ya lazima. 1940 watu wakasukumwa kuchukua majina ya Kijapani, na magazeti makubwa ya Kikorea yakafungwa. Wakati huohuo kulikuwa na wasomi wa lugha waliokuwa wakiandaa kamusi tangu 1929. Kamusi jamani, si bunduki. Oktoba 1942 polisi wakaanza kuwakamata. Wawili, Yi Yun-jae na Han Jing, walifia gerezani Hamhung. Muswada wao ulichukuliwa kuwa kielelezo cha kesi, na vita vilipoisha haukujulikana uko wapi.

Septemba 1945, wiki chache baada ya Japani kusalimu amri, ukakutwa ghalani kwenye stesheni ya treni ya Seoul. Maelfu ya kurasa, zimekaa tu kama mzigo usio na mwenyewe. Juzuu ya kwanza ilitoka 1947, ya sita ambayo ndiyo ya mwisho ikatoka 1957, na katikati hapo nchi ilipigana vita vya 1950 hadi 1953. (Kamusi yetu ya TUKI ilitoka 1981. Sijui wangapi kati yetu tumewahi kujiuliza ni akina nani walikaa chini wakaiandika neno kwa neno.)

Kwahiyo siku ya kwanza ni stesheni kongwe ya Seoul, jengo la 1925. Sasa ni ukumbi wa sanaa na maonyesho, limesimama pembeni ya stesheni mpya ya treni za kasi. Siku ya pili ndiyo kasri la Gyeongbokgung, ila isiwe Jumanne maana hufungwa. Ukivaa hanbok unaingia bure, wenzangu roho zao kwatu. Nami nitawaburuza hadi jengo la Sujeongjeon, mahali walipokuwa wakifanya kazi wasomi wa Sejong. Ila wasidhani wanaona mambo ya 1395. Kasri lilichomwa 1592, likajengwa upya miaka ya 1860, kisha Wajapani wakabomoa sehemu kubwa na kukita mbele yake jengo la utawala wao lililokamilika 1926. Nalo likabomolewa 1995 hadi 1996. Sehemu ya tutakayoyapiga picha ni mapya kuliko ile kamusi.

Siku zinazobaki hazina kasri: soko la Gwangjang, mabasi ya kawaida, na usiku mmoja kwenye bafu la umma, jjimjilbang, ambako watu hujilaza sakafuni penye joto. Sharti ni moja, hakuna kutoa simu kutafsiri bango kabla hujajaribu kulisoma kwa sauti.

Oktoba tumeichagua kwa ajili ya tarehe 9, Siku ya Hangul. Iliondolewa kwenye siku za mapumziko 1991, ikarudishwa 2013. Tatizo ni Chuseok, sikukuu ya mavuno, ambayo hufuata mwezi mwandamo na miaka mingine huangukia mwanzo wa Oktoba. Hapo treni hujaa, kila mtu anarudi kwao kama Wachaga Desemba. Itabidi tuangalie kalenda kabla ya kukata tiketi.

Jana mmoja akauliza kama tunaweza kufika Hamhung, kwenye lile gereza. Nikamfungulia ramani. Hamhung iko Korea Kaskazini, na mpaka ule hauvukwi hivihivi tangu vita. Nimeifuta kwenye ratiba.