Kapteni Allen Gardiner, Mtu wa Manowari na Baba wa Nyumba

Katika kitabu hiki cha jubilii tunahesabu makanisa, shule na watu waliobatizwa, na ni haki kufanya hivyo. Walakini wako watenda kazi ambao hawana hesabu ya kuleta. Sisi wa pande hizi twamkumbuka Luteni Shergold Smith, aliyekuwa afisa wa manowari za Kiingereza kabla ya kuwaongoza wamisionari wa kwanza wa C.M.S. waliopelekwa Buganda. Alifika kwa Kabaka Mutesa mwezi wa Juni mwaka 1877, na kabla ya mwaka kwisha akauawa Ukerewe. Huyo hakuwa wa kwanza kutoka katika manowari akaingia kazi hii. Kabla yake alikuwako Allen Gardiner, nami nataka kueleza habari zake, kwa kuwa yeye alikuwa na mke na watoto, na shida ya mtu mwenye nyumba ndiyo shida yetu makatekista kila tupelekwapo mbali.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1794. Alipata miaka kumi na minne akaingia chuo cha wanamaji cha Portsmouth, na mwaka 1810 akaanza kusafiri baharini. Mwaka 1814 alikuwamo katika Phoebe, manowari iliyoiteka Essex ya Wamarekani karibu na bandari ya Valparaiso, nchi ya Chile. Mwaka 1826 alipewa cheo cha Kamanda, ingawa watu wamezoea kumwita Kapteni. Habari za vita vyake haziniponyi wala hazitawaponya ninyi, basi nazipita.

Mwaka 1823 alimwoa Julia Susanna Reade, wakapata watoto watano. Mwaka 1834 bibi huyo alifariki, naye Gardiner, kando ya kitanda cha mkewe, akaweka ahadi kwamba maisha yake yaliyobaki atayatoa kwa ajili ya watu wasiosikia Injili bado. Mwaka ule ule akaondoka kwenda Afrika ya Kusini, kwa Wazulu, akiwaacha watoto wake Uingereza. Najua wako watakaosema kwamba mjane mwenye watoto wadogo angalikaa kwanza. Nami nilipoisoma habari hii mara ya kwanza nilisema vivyo hivyo.

Mfalme Dingane hakumkubali mara moja. Gardiner akakaa kwanza Port Natal, akajenga mahali pa kufundishia juu ya kilima akapaita Berea, kwa ajili ya wale wa Matendo ya Mitume waliolipokea neno kwa moyo. Mwaka 1835 alikuwa miongoni mwa walioupa mji ule jina la Durban, na jina la Berea lipo huko hata leo. Walakini si yote ya kusifiwa. Alifanya mapatano na Dingane kwamba Wazulu waliokimbilia Port Natal warudishwe kwa mfalme wao. Akawarudisha watoro kadhaa yeye mwenyewe, akawaombea uhai, nao wakauawa. Sisi ambao babu zetu wengine walikuwa watoro hatuwezi kulisoma jambo hili na kunyamaza. Alitaka mlango wa Injili ufunguliwe, na wengine wakalipa bei yake.

Mwaka 1836 alimwoa Elizabeth Lydia Marsh, na safari hii hakuwaacha watu wake nyuma. Alirudi Natal mwaka 1837 pamoja na mkewe na watoto, na katika safari hiyo akafiwa na binti yake mkubwa. Mwezi wa Februari mwaka 1838 Dingane akamwua Piet Retief, mkubwa wa Makaburu, pamoja na wenzake. Vita vikazuka, na misheni ikavunjika. Gardiner akawapandisha jamaa yake merikebuni kwenda Amerika ya Kusini. Wakavuka nyika pana za Argentina, wakapanda milima mirefu ya Andes na kushuka Chile, baba akitafuta kabila litakalompokea, mama akilea watoto njiani. Kila mahali walizuiliwa. Baadaye jamaa wakakaa katika nyumba ya mbao Visiwa vya Falkland, huku yeye akivuka kwenda Patagonia na kurudi. Katika kitabu hiki yafaa jina la bibi huyu Elizabeth liandikwe kando ya jina la mumewe, maana mizigo ile waliichukua wawili.

Mwaka 1844 chama cha misheni ya Patagonia kikaundwa. Hata mwezi wa Septemba mwaka 1850 Gardiner, sasa mtu wa miaka hamsini na sita, akaondoka Liverpool katika merikebu Ocean Queen. Mkewe na watoto walibaki. Wenzake walikuwa sita: Richard Williams tabibu, Joseph Erwin seremala, wavuvi watatu wa Cornwall, na John Maidment, katekista. Walichukua mashua mbili na chakula cha miezi sita. Mwezi wa Desemba wakashuka kisiwa cha Picton, katika Tierra del Fuego, mwisho wa dunia upande wa kusini, penye baridi na tufani. Merikebu ilipokwisha kwenda zake ndipo walipogundua kwamba karibu baruti yote imesahauliwa ndani yake. Bunduki walikuwa nazo, ila hawakuweza kupiga ndege wala mnyama. Tena hawakuwa na mkalimani, na wenyeji hawakuwataka.

Wakakimbilia Spaniard Harbour, baada ya kuandika juu ya miamba ya Picton ili watakaokuja wajue mahali pa kuwatafuta. Chakula walichokitazamia hakikufika kwa wakati. Mashua moja ikavunjika, wakaifanya malazi. Majira ya baridi yakaingia, na ugonjwa wa kukosa mboga na matunda ukawashika. Wakafa mmoja mmoja. Mwishoni Gardiner na Maidment walikuwa peke yao kando ya mashua iliyovunjika, wenzao wakiwa mbali kidogo. Maidment akamchongea mkubwa wake magongo mawili ya kutembelea, lakini hakuweza kufika mbali. Kisha katekista mwenyewe akatoka mashuani, asirudi tena. Gardiner akabaki pekee. Aliandika katika kitabu chake cha siku mpaka tarehe 5 Septemba mwaka 1851, tena alikuwa amewaandikia mkewe na watoto wake barua za kuagana.

Mwezi wa Januari mwaka 1852 manowari Dido, chini ya Kapteni Morshead, ikafika. Mwambani ulikuwa umechorwa mkono wa kuonyesha njia ya pangoni, na namba ya Zaburi ya 62, aya ya 5 hata ya 8. Katika pango aliokotwa Maidment. Gardiner alikuwa kando ya mashua, na karatasi zimetawanyika pwani. Mabaharia wakamzika kama mmoja wao: bendera nusu mlingoti, na bunduki mara tatu.

Je, alikosa? Naona alikosa kwenda bila mkalimani, na kuwapeleka watu sita kwa chakula kidogo namna ile. Waliomfuata walijifunza kwa kosa hilo: walianza kwa lugha. Thomas Bridges aliandika kamusi ya Kiyamana yenye maneno zaidi ya thelathini elfu, na Waite Stirling akawekwa askofu wa Falkland mwaka 1869. Hata hivyo magonjwa yaliyoletwa na wageni yaliwamaliza wengi wa Wayamana, na mwaka 2022 akafariki Cristina Calderón, wa mwisho aliyeisema lugha ile tangu utoto.

Mwaka 1854 chama kilipeleka kusini merikebu yake, jina lake Allen Gardiner. Miaka miwili baadaye akaenda mwana wa marehemu, mwenye jina lile lile. Kisha akapewa upadre, akahudumu Lota, katika nchi ya Chile ambayo baba yake alikuwa ameipita zamani pamoja na mke na watoto.