Dhahabu ya Mjerumani: Ipi ya Kweli, Ipi ya Matapeli?

Wadau, karibu kila kona ya Tanzania hadithi ni ile ile: Mjerumani alipozidiwa kwenye Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia alifukia mali, akaacha alama kwenye mawe na miti, na ramani anayo mzee fulani. Kuna watu wanatoa hadi akiba ya mwisho kununua hiyo ramani. Hebu tuwekane sawa: nini kilikuwepo kweli, kimeishia wapi, na kwa nini kuchimba ovyo ni hasara yetu sote.

SARAFU YA TABORA

Hii si hadithi, ipo. Manowari za Waingereza zilizuia njia ya bahari, fedha kutoka Ujerumani zikawa haziingii. Mwaka 1916 Wajerumani wakaamua kutengeneza sarafu wenyewe, kwenye karakana ya reli pale Tabora. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, ambao leo uko mkoa wa Singida. Upande mmoja kuna tembo aliyeinua mkonga na mlima nyuma yake, upande wa pili tai wa Ujerumani. Thamani yake: rupia 15.

Zilitengenezwa 16,198 tu, kila moja ina uzito wa gramu 7 na ushee. Piga hesabu mwenyewe: zote pamoja hazifiki kilo 120! Sasa yale "malori ya dhahabu" yangetoka wapi? Tena zilitengenezwa ili zitumike, sio zifukiwe. Leo zinauzwa kwenye minada ya Ulaya na Marekani kwa bei kubwa, ndiyo maana feki nazo zimejaa.

Wengi wanachookota ni sarafu za shaba za heller, ambazo Tabora peke yake ilizitoa kwa wingi mwaka huo huo. Na kwa taarifa yako, neno "hela" unalolitaja kila siku limetoka hapo hapo.

MIZINGA YA RUFIJI

Manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha kwenye delta ya Rufiji. Tarehe 11 Julai 1915 Waingereza waliishambulia hadi ikawa haifai tena, mabaharia wenyewe wakaizamisha. Lakini mizinga yake 10 haikuachwa majini. Ilitolewa, ikapelekwa Dar es Salaam kutengenezwa, kisha ikatumika kupigania nchi kavu. Leo mmoja uko Fort Jesus Mombasa, mwingine Pretoria, mwingine Jinja, Uganda. Nenda kauone, sio siri.

MELI ILIYOFICHWA KWELI

Kama unataka kitu ambacho Mjerumani alikificha kwa makusudi, ni hiki. Julai 1916 pale Kigoma waliizamisha meli yao Graf von Götzen ili isitekwe. Kabla ya hapo mafundi waliipaka mitambo grisi nzito, wakitegemea watarudi. Hawakurudi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi Ziwa Tanganyika kwa jina jipya: Liemba. Yaani "hazina" yenyewe imebeba abiria wetu na dagaa wetu kwa miaka na miaka!

HASARA IKO WAPI?

Kitu cha kale kina thamani mara mbili: chenyewe, na mahali kilipolala. Mtaalamu wa akiolojia anachimba taratibu, tabaka kwa tabaka, anaandika kila kitu kimekutwa na nini. Mfano mzuri: kwenye magofu ya Great Zimbabwe, mbali kabisa na bahari, ilikutwa sarafu moja ya shaba yenye jina la Sultani Al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, wa karne ya 14. Kwa sonara haina maana. Lakini kwa kuwa imekutwa pale, ni ushahidi kwamba Kilwa na nchi ya dhahabu kule bara zilikuwa na uhusiano. Sarafu hiyo hiyo ikiuzwa mtaani bila kujulikana ilikotoka, imekuwa bubu.

Ndivyo inavyokuwa boma la zamani linapotobolewa usiku. Mchimbaji anaondoka mikono mitupu, na sisi tunabaki na shimo badala ya historia.

UKILETEWA DILI

1. Anayekuuzia ramani, jiulize: kwa nini asichimbe yeye?
2. Pesa "ya kipimo", "ya dawa" au "ya kutuliza mizimu" ikishatoka, hairudi. Usitume.
3. Ukikuta risasi au kombora la zamani, usiguse wala usiligonge kutafuta shaba. Miaka mia moja haijalifanya liwe salama. Toa taarifa polisi.
4. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka kibali kwa anayechimba kutafuta mambo ya kale. Ukiokota kitu, piga picha kikiwa pale pale, kisha waone watu wa mambo ya kale au makumbusho.

Wadau wa Tabora, Kigoma na Rufiji, babu zenu waliwasimulia nini kuhusu vita ile? Wengi walibebeshwa mizigo ya jeshi, na habari zao ndizo zinazopotea kweli kweli. Mwageni hapo chini. Ila mahali penyewe msipataje, maana wenye majembe nao wanasoma!