Waliovunja mashine hawakuogopa mashine

1/ Mjadala wa mashine za kuchuma chai Kericho ukianza, lazima mtu aseme: "Hao hawataki maendeleo." Hata mimi nilikuwa nasema hivyo, kabla nisome kuhusu Luddites.

2/ Uingereza, 1811. Wafumaji soksi wa Nottingham walianza kuvunja mashine usiku. Waliogopa teknolojia? Zii. Mashine ya kufuma soksi ilikuwepo tangu 1589, na wao ndio walikuwa wanaitumia kila siku! Hasira yao ilikuwa kwa waajiri walioshusha malipo na kutengeneza soksi duni.

3/ Mbona hawakujadiliana? Vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimepigwa marufuku tangu 1799. Mlango ulifungwa, wakashika nyundo. Mwaka wa 1812 Bunge likapitisha sheria: ukivunja mashine, unaweza kunyongwa.

4/ Mei 2023, mashine za chai zilichomwa Kericho. Siungi mkono moto. Lakini sisi vyama tunavyo, na meza ya kujadiliana ipo. Kwa hivyo mwanasiasa akikuambia "maendeleo", muulize: pesa ambayo mashine inaokoa inaenda kwa nani, na aliyekuwa akichuma kwa mkono anabaki na nini?