Ave Africa, Tancut Almasi na ubishi wa kanda mama

Mwaka 2016 kampuni ya Strut ya London ilitoa upya kazi zote za Sunburst, bendi ya roki iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1970. Ndani ya toleo hilo mna albamu yao pekee, Ave Africa, waliyoirekodi Zambia mwaka 1976, mna nyimbo za santuri ndogo walizotangulia kuzitoa, na mna rekodi za redio ambazo hazikuwahi kuuzwa popote. Kwa wapenzi wa muziki wa zamani hapa Nyanda za Juu Kusini, hasa wale ambao hawaridhiki na kusikiliza tu bila kujua nani alipiga gitaa na wapi, toleo hilo lilileta ubishi ambao mpaka leo haujapata mshindi. Sunburst wa kweli ni yupi, yule wa albamu au yule wa redio?

Mimi nina upande, na nitausema. Lakini kwanza ieleweke kwa nini ubishi huu unahusu Mbeya na Iringa na si Dar es Salaam peke yake. Kutoka Dar kwenda Zambia, mji uliowalea Sunburst na nchi iliyowapa albamu, ipo barabara kubwa moja, nayo inapanda mlima Kitonga, inapita chini ya mji wa Iringa, inakata Makambako, inaingia Mbeya na kuishia Tunduma. Novemba 1965, serikali ya walowezi ya Rhodesia ilipojitangazia uhuru wake, Zambia ilikatiwa njia yake ya mafuta ya kusini, na mafuta hayo yakaanza kusafirishwa kwa malori kupitia hapa. Wakati huo sehemu kubwa ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, malori yakianguka ovyo, na waandishi wa kigeni wakaiita njia ya jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika 1968. Lami ikafuata. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa rasmi kwa serikali mbili Julai 1976, mwaka uleule wa Ave Africa.

Kwa hiyo kijana wa Mbeya wa miaka ile hakuwa pembezoni mwa chochote. Usiku redio ilishika Lusaka bila taabu. Alisikia Dar upande huu na Zambia upande ule, na kule Zambia kulikuwa kunachemka kitu kikubwa: bendi kama WITCH, Amanaz, Musi-O-Tunya na Ngozi Family ziliunganisha magitaa yenye mkwaruzo na midundo ya nyumbani, muziki ambao leo dunia inauita Zamrock. Serikali ya Rais Kenneth Kaunda ilitaka asilimia 95 ya muziki unaopigwa redioni uwe wa Wazambia, na kampuni ya Teal ilikuwa na uwezo wa kurekodi na kutoa santuri humohumo nchini. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri. Bendi ikitaka santuri ilikwenda Nairobi, au wimbo wake ulirudi kutoka Nairobi.

Sasa watazame Sunburst katika Dar es Salaam ya wakati wao. Operesheni Vijana ya TANU Youth League ilikuwa imetangazwa Oktoba 1968 dhidi ya sketi fupi, suruali za kubana na mawigi. Mwaka uliofuata Mkuu wa Mkoa, Mustafa Songambele, akapiga marufuku muziki wa soul jijini. Kupiga roki na soul katika hali hiyo kulihitaji uamuzi. Akina Hembi Flory Kongo, James Mpungo, Johnny Rocks, Bashir Idi Farhan na Kassim Magati hawakuacha magitaa ya umeme wala hawakujifanya Wamarekani. Mtindo wao waliuita Kitoto, wakachanganya roki, soul, rumba ya Kongo na ngoma za hapa, wakaimba Kiswahili na Kiingereza. Ukiona majina ya nyimbo zao, Enzi za Utumwani na Simba Anguruma kwa mfano, utajua hawa hawakuwa watu wa kunakili. Walikuwa vijana wa nchi huru waliotaka sauti kubwa ya kuielezea hali yao.

Hatimaye walivuka mpaka wakaenda Zambia, wakarekodi Ave Africa kwa Teal, na baada ya hapo bendi haikudumu. Santuri ikabaki kuwa adimu mno. Kwa miaka arobaini iliyofuata, ukiacha waliokuwapo, waliolijua jina hilo walikuwa wakusanyaji wa santuri huko Ulaya na Marekani.

Turudi kwenye ubishi. Upande wa albamu una hoja nzito. Ave Africa ni kazi iliyokusudiwa. Bendi ilikuwa imekomaa, iliingia studio yenye vifaa, na nyimbo zilipangwa zifuatane. Ndivyo wanamuziki wenyewe walivyotaka wakumbukwe, wanasema watetezi wake, na anayesema rekodi za redio ni bora anawanyang'anya wasanii haki ya kuamua kazi yao iliyokamilika ni ipi. Hoja hiyo siipuuzi.

Hata hivyo mimi nasimama upande wa redio, na sababu ni masikio yangu. Kwenye rekodi ya redio ya siku zile bendi nzima ilikaa chumba kimoja, mikrofoni chache, na fundi mitambo akatazama sindano zake. Hakuna kurudi nyuma kumwongeza mtu wa kinanda kesho yake. Mpiga drams akichelewa, amechelewa milele. Ukivaa visikilizio vizuri utasikia gitaa la rithim likivuja ndani ya mikrofoni ya mwimbaji, na huo mvujo ndio unaokupa ukubwa wa chumba, na kukuonyesha nani amesimama karibu na nani. Albamu inakuambia walivyotaka kuwa. Redio inakuonyesha walivyokuwa usiku wa kawaida ukumbini, na bendi za nchi hii ziliishi ukumbini.

Wazambia nao wana kesi inayofanana, na imepata jawabu zuri. Albamu ya Amanaz iitwayo Africa, ya mwaka 1975, ilichanganywa mara mbili: mara moja kavu, sauti iko puani mwako, na mara nyingine ikawekewa mwangwi mwingi kana kwamba bendi iko ndani ya kanisa kubwa. Mashabiki waligombana kweli ipi ni halali. Kampuni ya Now-Again ya Los Angeles ilipoitoa upya iliziweka zote mbili pamoja, msikilizaji achague. Huo ndio uungwana ninaoutaka katika matoleo mapya: usinichagulie, nipe kilichopo na uniambie kimetoka wapi.

Maana mara nyingi hatuambiwi. Kanda mama, yaani kanda ya kwanza ya studio, ikipotea, mtoaji hunakili kutoka kwenye santuri iliyobaki, yenye mikwaruzo. Kisha huingiza sauti kwenye kompyuta aondoe mikwaruzo hiyo. Akikaza mkono, mikwaruzo hutoka pamoja na mlio wa matoazi na ule mng'ao wa nyuzi nyembamba za gitaa, na wimbo ukabaki safi na mzito kama uji uliopoa. Halafu huinua sauti yote ilingane na nyimbo za siku hizi, hivyo palipokuwa pa kunong'ona na palipokuwa pa kupiga kelele panakuwa sawa. Msikilizaji mgeni hatajua kilichopotea. Aliyeusikia wimbo mwaka ulipotoka atajua ndani ya sekunde kumi, na hapo ndipo wazee wetu wanapoanza kugonga meza.

Iringa wana sababu zaidi ya kugonga meza, kwa sababu albamu yao kubwa haijawahi kutolewa kama albamu.

Namaanisha Tancut Almasi Orchestra. Kiwanda cha kuchonga almasi, Tanzania Diamond Cutting Company, kilikuwa Iringa mjini, na kama mashirika mengi ya umma ya zama zile kilikuwa na bendi. Katika miaka ya 1980 bendi hiyo ilisimama sawa na vigogo wa Dar es Salaam bila kuhamia Dar es Salaam. Ilikuwa na pacha wawili kutoka Kongo, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, ambao sauti zao zilipokutana hukujua ya nani imeanza na ya nani imemaliza. Kwenye gitaa la solo alikuwapo Kawelee Mutimwana. Alikuwapo pia John Kitime, ambaye baadaye alipiga na Kilimanjaro Band na ameandika mengi kuhusu historia ya wanamuziki wa nchi hii. Nimemkaribisha Nyoka, Butinini, Masafa Marefu: mtu yeyote wa rika fulani, awe Kihesa ya Iringa au Mwanjelwa ya Mbeya, ukimpigia sekunde chache za mwanzo atakumalizia mwenyewe.

Kwa nini basi ni vigumu kupata santuri ya Tancut ya kutoa upya? Jibu linaanzia mpakani. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka wetu na Kenya ukafungwa, na haukufunguliwa hadi 1983. Njia ya Nairobi ikakatika kwa bendi nyingi. Fedha za kigeni nazo zikaadimika. Kwa hiyo kizazi kizima cha muziki wa dansi kwa sehemu kubwa kiliandikwa mahali pamoja, kwenye kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD). Bendi ilifunga safari kutoka mkoani, ikaingia studio ya RTD, ikarekodi nyimbo zake, ikarudi, na watu wakasubiri kipindi cha Misakato wasikie kilichopatikana. Kanda zilibaki redioni. Kwa Tancut na wenzao wa mikoani, kile chumba cha RTD ndicho kilichokuwa Teal yao, na rekodi ya redio haikuwa jaribio la pembeni la albamu. Ilikuwa albamu yenyewe.

Ndiyo maana nasema ubishi wa Sunburst unatuhusu. Ukiamua kwamba rekodi ya redio ni kitu cha daraja la pili, umefuta sehemu kubwa ya muziki wa Tanzania wa kati ya 1977 na miaka ya tisini.

Tunachosikiliza leo ni nakala ya nakala. Mtu alirekodi kutoka redioni kwa redio kaseti, mwanzo wa wimbo ukafunikwa na sauti ya mtangazaji. Kaseti ikaazimwa, ikanakiliwa kutoka mashine inayokimbia zaidi kidogo kuliko inavyotakiwa, na pacha wale wakapanda nusu sauti bila kujua. Baadaye ikaingia kwenye kompyuta, kisha kwenye simu, mara nyingine ikiwa na jina la bendi nyingine kabisa. RTD yenyewe ilikuja kuuza kaseti za nyimbo zake, na hizo zina sauti safi kuliko nyingine zote, lakini karatasi ya ndani haikukueleza nani alipiga besi. Ukikaa Miyomboni, Iringa, na wapenzi wa Tancut utakuta wawili wanabishania kasi ya wimbo mmoja, na wote wawili wana haki, kila mmoja anatetea kaseti yake.

Wapo pia wanaotaka nyimbo hizo zirekodiwe upya kwa vyombo vya kisasa na vijana wazipige. Sina ugomvi na vijana, wapige. Lakini huo ni wimbo mpya wenye jina la zamani, na usichukue nafasi ya ule wa kwanza.

Toleo jipya lililofanywa vizuri hubadilisha maisha ya watu. Emmanuel Chanda, maarufu kama Jagari, kiongozi wa WITCH, alikuwa akichimba vito nchini Zambia wakati albamu zake zilipotolewa upya ng'ambo. Baada ya hapo alirudi jukwaani, akapiga Ulaya mbele ya watu waliokuwa hawajazaliwa bendi yake ilipovuma. Kwetu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, na chombo cha kuisimamia kipo. Toleo la Tancut lenye majina yote ya wapigaji, mkataba unaoeleweka na malipo yanayofika Iringa halihitaji sheria mpya. Linahitaji redio ya taifa ifungue kabati, na mtu mwenye masikio asimame karibu na mashine wakati kanda inazunguka kwa kasi yake sahihi.

Nikiulizwa toleo hilo liwe na nini, nitajibu bila kusita. Kanda mama, si kaseti. Kelele ya kanda ibaki, ipunguzwe kidogo tu pale inapozidi wimbo. Tarehe ya kurekodi iandikwe, na jina la fundi mitambo liandikwe, kwa sababu watu wale walikuwa sehemu ya bendi na hakuna jalada lililowahi kuwataja. Na zaidi ya yote, chemko, ile sehemu ya mwisho ya magitaa, iachwe mpaka mwisho. Redio zetu zina tabia ya kukata wimbo pale waimbaji wanaponyamaza na magitaa kushika usukani, ili kipindi kiwahi taarifa ya habari. Zipo dakika za Kawelee Mutimwana ambazo watu wa Iringa walizicheza ukumbini usiku kucha na hawajazisikia tena tangu ukumbi ulipofungwa.